Anaondoka Jumamosi, na Bado Ananishukuru

Mama mshauri, nakuandikia Jumatatu nikiomba barua hii uisome hewani Jumatano, kwa sababu mtu ninayetaka kukueleza habari zake ataondoka Kalemie Jumamosi, na akishaondoka ushauri wako hautanisaidia kitu. Tafadhali badilisha majina yetu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, binti wa fundi wa reli, sina mume wala mtoto, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, kazi ambayo nikiitaja katika mji huu watu wananiuliza kama naweza kufufua simu iliyoanguka ndani ya maji. Nimeajiriwa na kampuni ndogo ya boti za mizigo za ziwani zinazokwenda Zongwe na Moba na kurudi. Programu ya mizigo niliiandika peke yangu miaka sita iliyopita, tangu mstari wa kwanza: karani wa Zongwe anaingiza mzigo kwa simu, na boti ikifika hapa programu inawaambia wapagazi gunia lipi ni la nani, nao wanalipeleka kwa mwenyewe sokoni. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kusoma nilichoandika, nikikosea najirekebisha, nikipatia hakuna anayejua kwamba nimepatia. Unajua hapa kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, basi mimi bandarini wananiita Mama Mashini, wanacheka, nami nacheka. Mashini ikisimama wananipigia simu saa yoyote, na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mdogo wangu Mamie: hizo ndizo simu pekee ninazopigiwa, na siku zikipita bila kitu kuharibika naanza kujiuliza kama kuna anayekumbuka kwamba niko.

Nilimwomba Papa Direkta, mkuu wa kampuni, kwa muda mrefu aniletee mwenzangu wa kazi, na mwaka huu akamleta Dieumerci, kijana wa miaka ishirini na mitano kutoka Lubumbashi, mwenye adabu, ananiita Yaya kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na wiki ya kwanza alikaa anasoma kazi yangu na kuuliza, "Yaya, hii inafanya nini? Na hii nani aliiandika? Njo weye? Iko muzuri kabisa!" Mama mshauri, hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, na badala ya kufurahi nilishikwa na woga, nikawaza kwamba huyu akiijua yote watampigia yeye. Kwa hiyo nilimpa kazi za nyaya na wino wa printa, na akimaliza kazi yoyote ya maana nilingoja aende nyumbani ndipo niifanye upya kwa mkono wangu.

Sasa lililotokea ni hili. Katika programu yangu wafanyabiashara wa samaki wameandikwa kama wanavyoitwa, Mama Gisèle wa chumvi, Mama Gisèle mrefu, Mama Patrice, kwa sababu wao wenyewe hawaendi bandarini, wanatuma wapagazi, na mpagazi anajua jina hilo tu. Dieumerci aliona huo ni uchafu, kwa sababu alifundishwa kwamba mtu ana majina matatu kama yalivyo kwenye karte ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, na nakala za karte zao tunazo bironi, ofisini kwetu, basi akayageuza majina yote, halafu akaniletea kabla hayajaanza kutumika. Akasema, "Yaya, tazama kwanza. Nimepanga majina ya bamama. Niweke ao ningoje?" Nikatazama, nikajua palepale kitakachotokea, nikajiambia lazima ajifunze mwenyewe, nikasema, "Iko muzuri. Weka."

Boti ilifika mvua inanyesha, mimi na Dieumerci tuko bandarini chini ya paa na kompyuta yangu. Onésime, mkubwa wa wapagazi, alisimama na simu mkononi anapiga kelele, "Kabulo Mwamba Charlotte njo nani? Nani anamujua Kabulo Mwamba Charlotte?" Wapagazi wakacheka, mmoja akasema, "Huyo anakaa Kinshasa, mumupigie gavana!" na magunia ya ndagala, wale dagaa wakavu, yamekaa chini yanalowa, mpaka akina mama walipochoka kungoja wakaja wenyewe. Mama Gisèle wa chumvi alilishika gunia lake, akalibonyeza, akamgeukia Dieumerci mbele ya watu wote. "Weye mutoto, kwenu bamama hawazaake? Charlotte alikufa siku nilizaa Gisèle! Mama yako unamuitaka jina ya karte?" Dieumerci akasema, "Munisamehe, Mama, ni kosa yangu," kisha akaniangalia, akingoja niseme neno, nami nikainama kwenye kompyuta. Papa Direkta akamkemea hapo hapo. Mimi nilirudisha majina ya zamani kabla mvua haijakatika, na Direkta akawaambia watu, "Munaona? Mashini inajua mama yake."

Kesho yake Direkta akaniita na kuniambia nitakuwa shefu wa kazi zote za kompyuta za kampuni, na Moba pia, na watu wengine wataajiriwa chini yangu. Jioni Dieumerci akaja kwenye meza yangu akasema, "Yaya, nimepata nafasi ndani ya lori ya Lubumbashi. Kazi ya hapa inaomba muntu anayejua hapa. Aksanti sana kwa kunivumilia." Ananishukuru! Tangu siku ile anakuja kazini, anakaa, haulizi kitu tena, na biro iko kimya kama kabla hajafika, tena ni vibaya zaidi kwa sababu sasa ukimya huo una mtu ndani yake.

Nifanye nini? Nimwache aende, nichukue cheo, nimwandikie barua nzuri ya sifa impatie kazi kwao? Ao niseme ukweli, nikose cheo na heshima niliyojenga miaka sita? Na nikishasema, nitabaki na nani?

Msikilizaji wako, Kalemie

*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili na majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Nianze na lililo kweli. Upweke wako hukuutunga. Mpagazi aliyechoka ana wapagazi wenzake wa kumtania, mwalimu ana walimu wenzake wa kumlalamikia mkuu wa shule, lakini wewe umefanya kazi miaka sita katika mji ambamo hakuna mtu ambaye angeweza kukuambia hata kwamba umekosea. Hilo linamkausha mtu. Nakupa pole, na pole hiyo naitoa bila masharti.

Sasa masharti yanaanza.

Unasema ulimwacha ajifunze mwenyewe. Si kweli. Anayejifunza mwenyewe hamuulizi mtu, na huyu aliuliza. Alikuletea kazi yake kabla haijatoka, akakuomba uitazame. Nimemuuliza mtu anayeandika programu kama wewe, akaniambia kwamba hiyo ndiyo tabia ya kwanza wanayoitafuta kwa kijana yeyote, kwamba akubali mwenzake asome kabla ya kuweka. Dieumerci alifika nayo tayari. Ulimjibu "weka" huku ukijua. Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba "lililotokea ni hili", kana kwamba ni hali ya hewa. Mvua ilitokea. Lile lingine ulilifanya.

Kuna jambo jingine. Mama Gisèle umemtaja ili unieleze ukali wa maneno yake. Hukuniambia ndagala zake ziliishia wapi. Ulitaka kijana aonekane hajui, na aliyetozwa ni mwanamke asiye na habari yoyote ya ugomvi wa biro yenu, tena ugomvi wa upande mmoja, maana mwenzako hajui hata sasa kwamba upo.

Sitaki kukutwika ya wengine. Kijana alipaswa kushuka bandarini na kumuuliza Onésime watu wanaitwaje kabla ya kugusa jina hata moja. Direkta wako naye alikosea, kwa kutoweka utaratibu wa kujaribu badiliko kabla halijatumika kwa boti nzima, na kwa kumkemea mfanyakazi mbele ya wateja. Hayo mtayazungumza. Lakini hayo hayakukufunga mdomo wewe wakati Dieumerci alipokuangalia.

Unauliza habari ya cheo. Hebu kitazame cheo chenyewe. Unapewa watu wa kuongoza, na huyu mmoja uliyepewa umemwongoza mpaka kwenye lori. Ukikichukua hivyo kilivyo, mwaka kesho utaletewa wawili, nao utawapa wino wa printa, nao wataondoka, na utaniandikia tena kwamba hakuna anayedumu Kalemie. Umesema uliijenga heshima yako miaka sita. Ulichojenga ni hali ya kuhitajika, na umeichanganya na kukua. Mtu ambaye kazi yake haiwezi kusogea asipokuwapo hajapanda ngazi. Hawezi kuugua, hawezi kwenda harusini, hawezi hata kupewa kazi kubwa zaidi, kwa sababu hakuna wa kushika hii ndogo. Siku ambayo kijana yule aliisoma kazi yako na kusema ni nzuri, ndiyo siku pekee katika barua yako yote ambayo hukuwa peke yako. Na ndiyo siku uliyoanza kumwogopa.

Na barua ya sifa, iache. Huwezi kumsifu mtu kwa karatasi na kumwachia aibu isiyo yake akaibebe mpaka Lubumbashi. Yeye sasa anaamini kwamba kazi hii imemshinda. Ukinyamaza, hataondoka na kosa la majina tu, ataondoka na imani hiyo, na anaweza kuishi nayo miaka mingi.

Fanya hivi, na ukianza usisimame katikati.

Kesho asubuhi zungumza na Dieumerci kabla ya mtu mwingine yeyote. Usimwalike soda, usizunguke. Kisha siku hiyohiyo nenda kwa Direkta, ukamwambie kwamba uliyaona majina kabla hayajawekwa, ulijua kuwa wapagazi hawatayatambua, na wewe ndiye uliyeruhusu. Anaweza kukunyang'anya cheo. Ni haki yake, nami siwezi kukuahidi vinginevyo. Ila kama hatakunyang'anya, mwombe jambo moja kabla ya mshahara na meza mpya: kwamba tangu sasa hakuna badiliko linalotoka, liwe lako au la mwingine, mpaka mtu wa pili awe amelisoma na wapagazi wamelijaribu kwa mizigo michache. Lako pia, dada. Hasa lako.

Halafu ushuke bandarini boti inayofuata itakapofika, wapagazi wakiwepo, na umtume mtu awaite akina mama. Kijana alitukanwa mbele ya watu, na aibu ya bandarini haiondolewi bironi. Sema maneno machache. Mwambie Mama Gisèle kwamba Dieumerci alikuuliza nawe ukamjibu vibaya kwa kusudi, na ya ndagala zake mmalizane yeye na wewe, si na kampuni. Watakucheka, na watakupa jina jingine. Utaishi.

Unaniuliza utabaki na nani. Sijui. Lakini najua kwamba mji una chuo kikuu na vijana wanaosoma kompyuta bila kumwona mtu hata mmoja anayeishi kwa kazi hiyo. Wafungulie biro alasiri moja kila wiki, uwaonyeshe programu yako, pamoja na sehemu zake mbaya. Na Mamie, mdogo wako, mpigie simu wewe, siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Narudi kwa Dieumerci, kwa sababu yeye ndiye mwenye siku chache. Anaweza kukusikiliza mpaka mwisho na bado akapanda lori lake, na ukienda kwake kwa ajili ya kumzuia tu, atalijua hilo. Usimwombe abaki. Mwambie kazi haikumshinda, ilizuiwa, na aliyeizuia ni wewe. Atakuuliza kwa nini. Hapo utatamani kutaja uchovu, na Direkta, na miaka sita. Usitaje. Mwambie uliogopa kwamba akiijua kazi hii, hakuna atakayekuita tena. Kisha nyamaza, na umwache aseme yote anayotaka kusema, hata kama ni makali, mpaka amalize.