Wa Saba Anayesimama Nyuma

Masisi, tarehe 9 mwezi wa tano

Kwako mutoto yangu Uwamwezi,

Mungu asaidie barua hii ikukute huko Goma umekula na umelala vizuri. Ile mafua iliisha? Huku tuko wazima, ng'ombe ya papa yako ilizaa, maharagi inatoa maua.

Barua yako ilifika pamoja na gazeti. Kaswera wa butiki alinisomea mbele ya wateja, akanichokoza kwamba mutoto yangu amekuwa mukubwa na mimi siwezi hata kusoma jina yake. Nilicheka. Halafu akafika pale muandishi anasema wachezaji sita wa ngoma wanacheza vizuri, lakini aliyemugusa roho ni wa saba, ule wa nyuma, matope mpaka kwa shingo, hageuzi uso hata mara moja. Sikucheka tena.

Unaniambia muko sita tu. Lakini muntu wa redio naye, kisha kuwaona Sake, aliwalaumu kwamba ule wa nyuma anaanza kila mara na muguu wa kushoto wakati wenzake wako kwa wa kuume, basi mumufundishe ao mumutoe. Watu wawili, na hawajuani. Na sasa Eugène, mukubwa wa kikundi yenu, anacheka tu, anasema mukifika Walikale atamuwekea huyo wa saba taa yake.

Uwamwezi mama yangu, musimuwekee taa.

Nani kwetu alikuwa anaanza na kushoto? Papa Émile wa korali alimuchapa sababu ya hiyo, haikumutoka. Ni kaka yako Twizeyimana. Wewe unafikiri anachimba madini Walikale na hana rezo ya simu ya kukupigia. Mimi njo nilikuambia vile, na nilidanganya. Kilima kilimuangukia mwezi wa kwanza, mvua ilikuwa mingi. Mwenzake alifika hapa na kofia yake tu. Hawakumutoa mule.

Ulikuwa umengojea hiyo safari ya kucheza na kikundi miaka mitatu. Na unajua desturi yetu, kilio kama haijamalizika, hakuna wa nyumba anayecheza. Nikasema moyoni, asipojua, haitakuwa kosa yake. Papa yako alikataa, nikamulilia mpaka akanyamaza. Njo umecheza miezi ine juu ya kilio ya kaka yako, na yeye anakuja nyuma yako. Kama anacheza na wewe ao anakuomba usimame, sijui.

Walikale ingojee. Panda pikipiki uje, tunyoe vichwa, tumalize kilio. Kama unanikasirikia, unikasirikie ukiwa hapa, nikuone. Kisha uende ucheze, hata juu ya kile kilima. Na siku wataandika kwamba muko sita, hata wakiandika mulicheza mubaya, unitumie ile gazeti mbio.

Papa yako anakusalimia, na katekista anayeniandikia hii barua, na Kaswera pia, yeye hajui kitu. Salimia wenzako watano.

Ni mimi mama yako aliyekukosea,
Nyiramana