Redio Inasikia, Haisikiki

Jumatano, Liuli

Watu nimewaambia redio ya boti ya Mjomba imezeeka, ila humu naandika ukweli: mimi ndiye niliyeiua. Nilibonyeza kitufe cha kuongea bila kufunga antena, nikiwaringia wenzangu. Maikrofoni ikageuza sauti yangu kuwa umeme mdogo, transista ya mwisho, kile kipande cha kukuza nguvu ya kurusha sauti, ikaukuza, nguvu ikakosa pa kutokea. Ikarudi, ikaiunguza transista.

Mjomba alinionya nisibonyeze bila antena. Leo kacheka: "Redio inasikia, haisikiki. Wewe unasikika, husikii."

Kesho kutwa anaenda Chiwanda kwa boti hiyo. Injini ikizima ziwani, atamwita nani?

Transista nimeing'oa kwenye redio mbovu ya aina ileile. Fundi gani Liuli ananifikia? Kesho naichomelea. Ila kabla sijabonyeza, antena kwanza. Hilo, Mjomba, nimelisikia.