Mheshimiwa wa Bwawa la Matofali

Kwako binti yangu, kifungua mimba wangu,

Kwanza nakujulia hali. Kile kikohozi kimekwisha? Unakula? Usiniambie unakula umesimama, wauguzi nawajua. Huku sisi wazima. Mimi mzima, ila goti. Bibi yako mzima, anakusalimu, na anauliza mbona mara ile hukumletea salamu. Nikamwambia ulileta, akasema hazikufika. Mdogo wako mzima, amefaulu hesabu, hata yeye hajui ilikuwaje. Shangazi yako wa ng'ambo ya barabara mzima, na mdomo wake mzima vilevile. Baba yako mzima, na yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kaa chini usome taratibu, mwandiko wangu unaujua.

Unakumbuka alivyofunga duka la kushona, macho yalipokataa kutunga uzi. Baada ya hapo akawa mtu wa kulala akiangalia ukuta mpaka adhuhuri. Namwita, anasema anakuja, haji. Sasa huyu mfyatua matofali wa nyuma yetu ana shimo alilokuwa akichimba udongo. Likajaa maji, likawa bwawa, dogo tu, ukirusha kiatu kinafika ng'ambo. Akatia samaki. Wakavuliwa wote akabaki mmoja, wa kijani, mdomo mpana kama mfuko wa koti, mla wenzake. Baba yako alimwona siku moja, na tangu hapo ukuta akausahau. Anamwita Mheshimiwa, kwa kuwa kila mtu anamsubiri na yeye hana haraka.

Ningefurahi, lakini ni kipupwe, mwanangu. Baridi ya mwaka huu imeingia hadi kwenye sabuni. Na kifua cha baba yako unakijua. Nikimwomba angoje joto lirudi, ananieleza kama mwalimu: eti wakati wa baridi samaki huyu anajilaza chini kabisa, mwili mzito, hakimbizi chakula. Kwa hiyo chambo kikokotwe polepole mno, kimpite puani, na saa nzuri ni mchana, jua likishapasha maji kidogo. Chambo chenyewe amekishona kwa nyuzi za sufu, mdogo wako akimtungia sindano, na jicho lake ni kifungo cha shati. Anakikokota polepole hivi kwamba mara mbili nimemkuta amesinzia.

Wiki nne zikapita, samaki hata kukigusa. Mfyatua matofali akawa kila akipita na toroli anamuuliza, "Fundi, umeshamchukua vipimo?" Watu wanacheka. Baba yako akaudhika, akaapa mbele yao kwamba baridi ikiisha hajampata, anavunja ufito wake wa kuvulia na bwawani hakanyagi tena. Mimi nikashukuru kimoyomoyo.

Lakini Jumatatu ya wiki iliyopita alirudi mapema, akajilaza na viatu vyake, akageukia ukuta. Nikamwita, akasema anakuja. Hakuja. Mwanangu, nilisimama pale mlangoni na bakuli la supu mpaka likapoa mikononi.

Alhamisi nikamwinua mwenyewe. Nikamwambia namsindikiza na chupa ya chai, nikavaa sweta langu la njano, nikasimama ukingoni. Hata kikombe sijakifuta, maji yakatikisika, Mheshimiwa huyo anakuja moja kwa moja mpaka miguuni pangu kama mtoto aliyeitwa. Chambo cha baba yako kilikuwa papo hapo. Akakimeza. Baba yako akavuta, akaanguka kitako, hakuachia. Mfyatua matofali alisahau toroli lake, likapinduka na matofali mabichi yote. Samaki mzito, kitambi kimemtoka kama bwana harusi wa mwaka wa pili.

Mimi nilishaanza kuwaza mafuta ya kumkaangia. Baba yako akamwangalia, akamchomoa ndoano kwa adabu, akaingia majini hadi magotini, akamrudisha. Akaniambia, "Mama watoto, tukimla huyu, kesho mimi nitaamkia nini?"

Nikammiminia chai, macho nimeyaficha. Na kwa nini niliyaficha, ndiyo habari yenyewe. Hata mto wako usiuambie. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha yule samaki. Kila asubuhi, baba yako akiwa bado anakunywa chai, mimi na sweta langu tuko bwawani na kopo la minyoo na utumbo wa kuku. Muuza kuku nilimwambia ni wa paka. Hatuna paka. Nilitaka ashibe asiguse chambo, baba yako akate tamaa, arudi ndani kwenye joto. Kumbe nilikuwa namrudisha ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipomwona amelala na viatu, kesho yake sikupeleka kopo, wala keshokutwa yake. Mheshimiwa akashinda njaa. Alhamisi ile hakufuata nyuzi za sufu, alifuata sweta.

Sasa baba yako anafundisha. Jana walikuja wanaume wanne, mfyatua matofali mbele yao, amechuchumaa anaonyeshwa namna ya kukokota polepole, anaitikia ndiyo fundi, ndiyo fundi. Baba yako anaamka kabla yangu. Ananyoa ndevu. Amekwisha kukuandikia barua ya kurasa saba, na michoro. Ikikufikia, ishangae, nakuomba.

Nami unishauri. Nimwambie, au ninyamaze mpaka kaburini? Mwenzio silali. Sifa zake ziweke kwenye barua yake, ushauri wangu uweke kwenye bahasha nyingine. Usiupitishe kwa shangazi, yule anafungua. Upitishe kwa fundi viatu wa kona. Na dawa ya kifua usisahau, maana miguu ile ililowa.

Bibi yako anakusalimu tena, safari hii anataka jibu. Nijibu haraka sana, mwanangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi baba yako ameahidi kumvua tena mbele ya watu wote, na mimi sijui Mheshimiwa nianze kumnyima chakula tangu siku gani.

Ni mimi mama yako,
mwenye wasiwasi wake uleule.