Kabla Julie Hajapanda Chukudu

Majengo, Goma
Ijumaa, tarehe 6 Machi 2020

Mpendwa Shangazi Kahambu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: mikono ya Papa imesahau kazi. Nisamehe kwa kulitanguliza mbele ya salamu. Ningengoja, ningelimeza tena.

Basi, hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya Butembo? Sisi tuko wazima. Mama anauza majani yake ya sombe kama kawaida. Mdogo wangu Julie ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi hata kanisani.

Leo darasani Madame Valérie alitufundisha neno la Kiingereza, inept. Alisema ni mtu anayefanya kazi asiyoiweza. Si mvivu, wala hana moyo mbaya, ila mikono yake na kazi haviendani. Hata kazi yenyewe, ikiharibika namna hiyo, inaitwa vilevile. Akaonya kwamba ni neno kali: halisemwi juu ya mtoto anayejifunza, linasemwa juu ya mtu ambaye wengine wanategemea aweze.

Kila mmoja akatoa mfano. Olivier alimtaja golikipa wetu, darasa likacheka. Zamu yangu ilipofika nikainamia daftari.

"Apolline, Kiingereza yako umefungia mu sanduku?" Olivier akasema. "Fungua basi, tuone."

Mfano nilikuwa nao, Shangazi. Nikauliza tu, "Madame, na mtu aliyeweza zamani?"

Akanitazama kidogo. "Mikono ikimwacha, hiyo si kosa yake. Lakini kama anajua na anaendelea kuficha, watu wataumia. Pale neno linamfaa."

Unajua jina la Papa hapa Majengo kwa vigari vyake vya mbao vya magurudumu mawili, vya kubebea mizigo: chukudu ya Kataliko haimwangushi mtu. Lakini tangu alipougua, mkono wake wa kuume unatetemeka. Chukudu anayomtengenezea Benny, yule kijana anayeteremsha viazi kutoka Kibumba, tundu la gurudumu la mbele limetobolewa upande, si katikati. Nilimwona Papa akilijaza kabari ya mbao, kisha akapaka oili nyeusi juu yake isionekane. Akainua macho, akanikuta. Nami nikaanza kuokota maranda, kana kwamba ndiyo yaliyonileta.

Desturi yake unaikumbuka. Kabla ya kukabidhi chukudu mpya, anampandisha mtoto wake mwenyewe, wanateremka naye mteremko wote mbele ya mteja. Zamani mtoto huyo nilikuwa mimi. Kesho asubuhi ni Julie. Ameshawatangazia watoto wote wa jirani, na ameomba avalishwe gauni la Noeli.

Nilijaribu kumwambia Mama, nikaishia kwenye, "Mama, ile gurudumu..."

"Aa! Leo Papa yako atafundishwa gurudumu na wewe?"

Nikarudi kwenye masufuria.

Nilitaka wewe useme naye, maana wewe dada yake mkubwa ndiye pekee ambaye yeye humsikiliza bila kubisha. Simu ya nyumba inakaa mfukoni mwa Papa, ndiyo maana ninaandika. Kesho nitampa barua hii dereva anayekuja Butembo kupitia Rutshuru. Lakini sasa hivi, nikiifuata njia hiyo kwa mawazo, naona itakufikia Julie akiwa ameshapanda.

Nisalimie dada Micheline na mapacha wake, na muzee Célestin wa ng'ambo ya barabara. Mungu awafunike, na mvua iwanyeshee maharagwe yenu bila kuyaozesha.

Shangazi, nasikia viatu vya Papa juu ya mawe ya uwanja. Tangu nianze kuandika, kila akikaribia nimekuwa nikiificha karatasi hii chini ya kitabu cha Kifaransa. Anakuja tena. Mkono wangu umeshaenda kwenye kitabu, nimeurudisha. Ninaiacha mezani, maandishi yakielekea mlango. Kusoma anajua vizuri; wewe ndiye uliyemfundisha.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda,

Apolline