Miguu ya Masanja

Segese

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mayu. Baba anaendeleaje na kifua chake? Mvua imefika Kishapu, au bado mnatazama mawingu tu?

Mimi mzima, na ningejaza ukurasa nikimsifu mume wangu, anavyorudi mgodini uso mzima vumbi, meno tu yakinichekea. Lakini leo nina jambo zito.

Jumatatu Masanja aliamka miguu imelegea kama kitambaa kilicholowa. Wenzake wa shimoni walipokuja kumwita, wakaangua kicheko. “Bwana harusi! Fungate imekula magoti! Shemeji, mhurumie basi!” Nami nikacheka, Mama, nikaona aibu tamu. Siku mbili nzima tukacheka. Ya tatu akashindwa kushika kikombe. Nikalaza sikio kifuani mwake kama nilivyozoea, nikasikia moyo unaruka, unasita, unaruka.

Hospitali walipima damu wakakuta potasiamu imeshuka mno. Daktari alisema ni madini ya mwilini yanayoendesha misuli na moyo. Yakipungua hivyo, moyo unaweza kusimama ghafla. Akauliza, “Umekuwa ukiharisha?” Masanja akanitazama. Ndipo nikaitaja ile dawa ya kusafisha tumbo uliyonifungia siku ya harusi. Wewe ulisema kijiko kimoja kwa mwezi. Mimi nilimpa kila asubuhi, nikitaka vumbi lote la mgodi limtoke, nizeeke naye. Kosa ni langu, Mama, usijilaumu. Ila iliyobaki huko kwako imwage.

Yeye hajanikaripia hata kidogo. Alisema tu, “Minza, ulinipenda kwa kijiko kikubwa.” Nikalia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Sasa ana dripu ya potasiamu inayoingia polepole, na nyaya kifuani za kuangalia moyo. Daktari anasema wengi hupona kabisa na miguu hurudi, ila lazima ajue kama figo zimeguswa. Zikiwa zimeguswa, hali hii itarudi. Majibu ni kesho.

Nisalimie Baba, na shangazi Kabula aliyenifunda. Mwambie hili hakunifundisha. Mwombeni Mungu pamoja.

Mchana huu amekunja vidole vya mguu wa kulia. Wa kushoto bado. Naacha kuandika, nikausugue.

Mwanao,
Minza, mke wa Masanja