Urefu wa Kamau

Karanja rafiki yangu,

Tangu tukuzike ni miezi mitano. Karakana yako ya Bondeni imechukuliwa na fundi wa viti kutoka Gilgil, mtu mzuri, ila anapiga randa huku anaongea. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali bado ipo, na watu wa kwenu bado hawaendi Nairobi bila pasi. Mimi naandikia gazeti lile lile. Wiki jana habari yangu kubwa ilikuwa mvua kuharibu pareto.

Lakini nakuandikia kuhusu mwanao. Kamau yuko kidato cha nne, na yule mwalimu Mmarekani aliyewaletea mpira wa kikapu shuleni alimwandikia rafiki yake anayefundisha mchezo huo katika chuo kimoja Amerika. Ikaja fomu. Wakimtaka kwenye timu, chuo kitamsomesha. Wasipomtaka, hakuna njia nyingine. Fomu iliuliza jina, umri, dini na alama za mtihani. Kisha ikauliza urefu.

Kamau aliandika futi sita na inchi nne. Mwalimu akamuuliza nani alimpima. Hakuna. Basi akaambiwa atafute mtu mzima, asiye jamaa, ampime na kutia sahihi. Akanijia mimi.

Hapo nikakwama kwenye sheria yako. Miaka yote uliyotengeneza majeneza ya mtaa mzima, rula yako ya mbao haikumgusa mtu aliye hai. Nakumbuka siku niliyoisimamisha mgongoni kwangu kwa mzaha, nikakuuliza mimi nitakula mbao ngapi. Hukucheka. Uliichukua, ukaipangusa kwa aproni, ukasema, "Bwana Wekesa, usijiharakishe." Mimi nalipwa kuuliza maswali, na hilo sikuliuliza. Uliona kitu, au ulirithi tu kwa aliyekufundisha useremala? Bado nataka kujua.

Mama Kamau hakutaka hata kulijadili. "Wa mwisho kupimwa nyumba hii ni baba yake," alisema. "Huyu hapimwi."

Nikamkumbusha kwamba fundi cherehani alishampima kaptura ya shule.

"Alipima kaptura."

Barua za Amerika zilikuwa zinaondoka na gari moshi la Ijumaa, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai nikitafuta hoja. Mwishowe ni yeye aliyeuliza: hao Waamerika wanataka kumpima mtoto, au wanataka kujua kichwa chake kinafika wapi? Nikasema, kichwa kinafika wapi.

"Basi pima ukuta."

Kamau aliegemea ukuta wa nje, bila viatu. Mama yake akapanda kwenye kigoda, akaweka kitabu juu ya kichwa cha mwanawe na kuchora mstari kwa makaa. Akamtuma bombani kuchota maji, akangoja mpaka apinde kona, ndipo akaitoa rula yako chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa. Nilipima mara tatu. Futi sita, inchi moja na nusu.

Kamau aliporudi na ndoo alisoma nilichoandika daftarini. "Mzee, ongeza mbili tu. Amerika nani atajua?"

Nilimwambia watajua siku atakaposhuka kwenye ndege.

"Kule mtu wa futi sita anauza tiketi mlangoni. Ukiandika hiyo, nimekwisha."

Niliiandika kwenye fomu, nikatia sahihi. Hakuniaga vizuri jioni ile. Lakini kabla sijaondoka nilimuuliza jambo ambalo fomu haikuuliza: mpira ukiisha, magoti yakichoka, anataka kuwa nani? Nilidhani atasema siasa, maana vijana wote niwaulizao sasa husema siasa. Alisema anataka kujifunza kuchora majumba ya ghorofa, kisha arudi kuyajenga hapa Nakuru. Akaongeza, chini chini, kwamba yeye hawezi kutengeneza hata kiti cha miguu mitatu, na kwamba ulijua, ukanyamaza. Kweli ulijua? Mimi niliyekuja karakana kila Jumamosi sikugundua.

Jibu lilifika jana. Yule rafiki wa mwalimu, anayefundisha timu kule Amerika, anasema kweli Kamau ni mfupi kwa alivyotarajia. Anasema pia kwamba vijana wote humwandikia inchi kamili, na nyingi kupita walizo nazo. Huyu ndiye wa kwanza kumletea nusu. Atamchukua kwa mwaka mmoja. Akishindwa kuingia timuni, atarudi.

Mwaka mmoja. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, nikitafuta kama umeficha kingine. Haukuficha.

Kamau aliuliza baridi ya kule ikoje. Mama yake alitoa koti lako la kanisani, akamvisha, mikono ikaishia katikati ya kiwiko na kiganja. Nilipoondoka alikuwa anafumua mshono, akiongeza kitambaa kwa kukisia tu.

Nitamtafutia pasi ya kwenda Nairobi na kumpeleka mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Mama yake nitamtembelea kila Jumamosi, na barua za mwanawe nitamsomea kama zilivyo, hata zikiwa mbaya. Hilo nakuahidi. Pumzika, Karanja.

Wako,
Wekesa