Miche Mitatu Nyuma ya Jiko

Ijumbi, Alhamisi, 1975

Kumbe nilieleza mengi nikaacha la muhimu.

Jumatatu nilikuta miche mitatu ya bangi nyuma ya jiko la mdogo wangu Petro.

"Ni dawa ya kuku, kaka."

"Kuku wanaokohoa mwaka mzima? Na mbona anayesahau alikoacha jembe ni wewe?"

Akacheka. Nikamweleza taratibu kwamba moshi ule unamharibia kifua na kumbukumbu, na kwamba sheria humfunga aliyepanda hata mche mmoja. Kamati ya kijiji hukagua vibanja vyetu vya migomba mvua zikianza. Ana watoto watano, na hilo ndilo linanisumbua.

Leo ameniita nikaone. Ameing'oa, akaikatakata na kuitandaza chini ya migomba, kama tufanyavyo na magugu yote. Mbegu zilikuwa zimekomaa.

"Si ulisema niing'oe, waitu, kaka yangu?"

Ndivyo nilivyosema. Sikusema aichome.

Tumezoa matandazo mpaka giza likaingia, lakini mbegu ndogo namna ile, kwenye udongo uliolishwa samadi miaka yote... Mvua ya kwanza itaziotesha kibanja kizima, na mwenye kibanja ni yeye.